Yah: Kompyuta Nyembamba Kuruhusiwa Kusafiri Hadi Masasi

Theopista Tarsis,
Ghorofa ya pili, mlango wenye pazia la kijani,
Mchafukoge, Dar es Salaam.

Ndugu Mhariri, pamoja na vijana wanaokufungulia barua,

Salamu nyingi. Natumaini mikono yenu ni mizima na wino upo. Sisi hapa tu wazima wote isipokuwa kompyuta.

Mimi ni mama wa makamo, shule yangu iliishia darasa la nne, biashara yangu ni vifungo, zipu na nyuzi pale Kariakoo, Mtaa wa Kongo, meza ya pembeni. Gazeti lako nalifahamu vizuri kwa sababu mume wangu Tarsis hulisoma lote mpaka matangazo ya minada, halafu mimi nalifungia zipu za wateja. Kwa hiyo nisamehe nikikosea pa kuweka nukta. Nimeandika kwa mkono, na sababu utaiona mwenyewe.

Ninayoilalamikia ni pawa saplai. Kama huijui usione aibu, hata mimi Krismasi iliyopita nilikuwa siijui. Ni kiboksi cha chuma kinachokaa ndani ya kompyuta, kinapokea umeme wa ukutani na kuugawa kidogo kidogo humo ndani, kama mama anayepakua chakula: huyu mpe hiki, yule asizidishiwe. Kikifa hicho, kompyuta nzima inakaa na njaa na wewe unaitazama tu.

Binti yangu Joyceline, ambaye kwangu ni wa kwanza na wa mwisho, amesomea kupiga chapa. Yeye na mwenzake anayeitwa Sitara wamepanga kufungua ofisi ya kupigia watu barua huko Masasi. Wanasema kule kuna mahakama, kuna ofisi za wilaya, kuna wanunuzi wa korosho siku hizi kila kona, na hakuna hata mtu mmoja mwenye kompyuta ya kuwapigia barua zao. Sitara ametangulia, amepata chumba kinachotazamana na mahakama. Joyceline akanunua kompyuta ya mtumba, zile za Ulaya zinazokuja na makontena, na akachagua nyembamba makusudi, ili ilale ndani ya begi kama shati. Kabla hajasafiri umeme ulikatika, na uliporudi ulirudi na hasira. Ndani ya kompyuta palilia "ta!" kama bisi, ikatoka harufu, basi. Fundi akafungua akasema vingine vyote ni vizima, kilichokufa ni pawa saplai peke yake.

Kwa hiyo Mhariri uelewe hali ilivyo. Chumba kipo, Sitara yupo, nauli ipo. Kinachosubiriwa ni pawa saplai tu, ikipatikana mwanangu anaondoka. Kazi ya kuitafuta nimejitolea mimi, kwa sababu ndiye ninayeshinda Kariakoo, na kwa sababu ni mama yake.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwanza ni wembamba wenyewe. Siku kompyuta ilipoingia nyumbani, Tarsis alishusha gazeti akauliza, "Nusu ya pili iko wapi?" Sisi kwetu kitu kikikonda kinapikiwa mtori. Hawa walioitengeneza wamechukua kompyuta yenye afya yake wakaibana mbavu, mpaka tumboni umebaki mwanya ambao hata mkate wa boflo hauingii mpaka uukalie kwanza. Sasa pawa saplai ya kawaida, ile nene kama tofali, itaingilia wapi? Mimi ni muuza vifungo. Kifungo kikizidi tundu, kosa si la kifungo wala si la tundu. Kosa ni la fundi aliyekata shati bila kuuliza sokoni kuna vifungo gani. Na fundi huyo yuko ng'ambo, simjui jina, ndiyo maana nakuandikia wewe.

2. Pili ni hili soko huria. Enzi za duka la ushirika sabuni ilikuwa ya aina moja. Ikiwepo unapanga foleni, isipokuwepo unapanga foleni vilevile, na ukilalamika unalalamika na wenzako, mnarudi nyumbani mmeshafahamiana mpaka watoto wenu. Sasa tumefunguliwa milango, tumeambiwa tuchague wenyewe, mteja ni mfalme. Mhariri, mimi nimekuwa mfalme tangu Kwaresima ilipoanza, miguu imevimba, nataka kujiuzulu. Pawa saplai nene zimerundikwa barazani kama magimbi, kila kijana anaita, "Mama, mama, mzigo mpya huu, njoo nikuuzie ukapumzike!" Nikiuliza nyembamba wanatazamana. "Hiyo mama labda kwa Chandu." Naenda duka la pili: "Kwa Chandu." Mtaa wa tatu: "Unamjua Chandu?" Namjua! Chandu duka lake liko chini ya jengo ninalokaa. Nimezunguka Kariakoo nzima kuelekezwa kwa jirani yangu.

3. Chandubhai ni mtu mwema, anauza vipuri vya redio na kompyuta, na mkewe Ranjanben tumekaa naye ngazi moja tangu watoto wadogo. Lakini ushauri wake wa kwanza ulinishtua. Alisema ninunue ile nene, niiache nje, ikae juu ya kompyuta, nyaya zipitishwe kwenye tundu la nyuma. "Itafanya kazi vizuri tu, mama, tena haitapata joto." Sasa Mhariri, mtu atembee utumbo uko nje kwa sababu haupati joto? Mwanangu afungue ofisi mbele ya mahakama, aje hakimu na barua yake, akute matumbo mezani? Nikakataa. Chandubhai akasema nikafikirie. Nikaenda nikafikiria, nikarudi nikakataa tena.

4. Nne ni uzito. Nyembamba ya kwanza kupatikana ilikuwa imeandikwa wati mia tatu kwa herufi za dhahabu. Nikaishika. Nyepesi kama dodoki! Mimi vifungo nauza kwa kupima, mkono wangu haudanganyiki, hata hivyo nikaipeleka kwenye mizani yangu, upande wa pili nikatia vifungo vya koti, na kabla bakuli halijajaa ikapaa juu kama inakwenda mbinguni. Chandubhai mwenyewe akakiri: za kweli huwa nzito, ndani kuna shaba na mabati ya kupoza, hii ndani ni upepo na nje ni maandishi. Wati za mdomoni. Enzi zangu niliwahi kuletewa mchumba wa namna hiyo, alisema ana shamba la kahawa, wazee wakapanda mlimani kuchunguza wakakuta ni la mjomba wake. Ndipo nikaweka utaratibu. Pawa saplai yoyote, kabla haijaonana na kompyuta ya mwanangu, itakuja kwanza kukaa sebuleni kwangu, niijue tabia yake na ukoo wake. Joyceline alisema hayo ni mambo ya posa. Nikamwambia posa zenyewe zinavunjika kwa kutochunguza, sembuse umeme.

5. (La tano lilikuwepo, nilikuwa nalo tangu jikoni, sasa limenitoka. Naliachia nafasi. Nikilikumbuka nitalirudia.)

6. Sita ni huo ukoo. Ilikuja moja iliyoingia kama mguu kwenye soksi. Matundu ya skrubu yamelingana, hata kichwa cha nyaya kimekubali. Joyceline ameshashika plagi anaielekeza ukutani, mara Chandubhai akapiga ukelele kutoka mlangoni, "Wee! Acha! Acha hapohapo!" Kumbe kampuni iliyotengeneza ile ina mpangilio wake. Kichwa ni kilekile, sura ni ileile, lakini nyaya ndani zimepangwa kivyao, na angeichomeka angeunguza bodi nzima ya ndani. Nilikaa chini kwenye ngazi. Joyceline akaja akanishika bega, "Mama, mbona hakuna kilichoungua?" Hakuna kilichoungua! Na angekuwa Masasi? Nani angepiga ukelele mlangoni? Sitara? Sitara ni mtoto mzuri, ana heshima zake, lakini sauti yake haivuki meza.

7. Iliyofuata ilikuwa na swichi ndogo nyekundu mgongoni. Ukiisukuma huku inakula umeme wetu, ukiisukuma kule inakula umeme wa Marekani, na ukiisahau kwa Wamarekani halafu ukachomeka kwetu, imekufa hapohapo. Nauliza tu kwa wema, ni nani aliyeweka mlango wa Marekani kwenye kitu cha binti wa Mchafukoge, na ufunguo akauacha mlangoni? Akija mteja na mtoto wake, mtoto akaona chekundu? Joyceline akasema ataibandika selotepu. Selotepu, kwa joto la Masasi! Nikairudisha.

Hapa niseme ukweli kwamba Chandubhai alianza kuchoka. Niliporudisha hiyo ya swichi aliipokea, akaifuta vumbi, akaniuliza taratibu, "Mama Joyceline, unatafuta pawa saplai au unatafuta kosa?" Nikaona aibu, kwa maana mtu amenivumilia. Kwetu Uchagani ukimkosea mwenzako unamkatia isale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Ukiletewa isale huruhusiwi kukataa, lazima usamehe, hata kama moyo bado unafuka. Ninao mche wangu kwenye kopo la rangi hapo ngazini. Nikakata kichwa chake kibichi nikampelekea. Chandubhai akadhani ni mboga. Ranjanben akasema hapana, ni pambo, akakitia kwenye chupa ya maji dirishani. Sikubishana nao. Nadhani kilifanya kazi hivyohivyo, maana tangu hapo aliendelea kunitafutia.

8. Nane ni kupumua. Moja ilikuwa na feni inayokoroma, mpaka Tarsis akaniambia mimi niache kukoroma na mimi nilikuwa jikoni nakatakata vitunguu. Nikairudisha. Ikaja nyingine iko kimya, kimya kabisa, nikaitegea sikio nisisikie kitu. Nayo nikairudisha. Joyceline akakunja mikono, "Mama, ile umekataa kwa sababu ya kelele, hii umekataa kwa sababu ya ukimya." Nikamjibu ndiyo, kitu kitakachoshinda na wewe chumba kimoja mahali nisipokuwepo lazima kisikike kwamba kinapumua, lakini kisipige kelele ukashindwa kusikia mtu akibisha hodi. Hata baba yako nilimchagua kwa kipimo hichohicho. Tarsis akageuza ukurasa.

9. La tisa ndilo zito kuliko yote. Chandubhai aliniagizia ya mwisho, akasema hii mama usiponunua nafunga duka. Nikaipandisha sebuleni. Nyembamba. Nzito. Nyaya za ukoo wetu. Haina swichi, inajua yenyewe umeme gani umekuja. Chandubhai alipoijaribu dukani ilipumua kama mtoto aliyeshiba. Nikaipima na futi ya mafundi cherehani, nikaigonga, nikainusa. Sikuona kosa. Sasa wewe Mhariri umeishi mjini, umewahi kununua Kariakoo kitu kisicho na kosa? Kitu kisicho na kosa kimelificha. Joyceline alikuwa ametoka, nikaiondoa sebuleni haraka, na aliporudi nikamwambia hii nayo haikufaa. Sikusema uongo, kwa sababu mimi haikunifaa.

Mwanangu alikwenda akafungua begi, akatazama ndani, akalifunga tena. Siku hizi ndivyo anavyofanya. Na Sitara anapiga simu kwa Chandubhai kuuliza, anasema mwenye chumba anataka kumpa kinyozi. Kwa hiyo naona jambo hili ni la haraka, na kwa kuwa ni la haraka linahitaji Serikali.

Naomba basi, kupitia gazeti lako, mambo machache. Ateuliwe mtu mmoja, awe na watoto waliokua, wa kuchagulia kila raia pawa saplai, tupangiwe kama zamani, na anayepangiwa mbaya alalamike na wenzake. Kompyuta nyembamba zizuiwe bandarini mpaka zinenepe. Zile zilizokwisha kupenya zikamatwe stendi ya mabasi ya kusini: begi lifunguliwe kwa heshima, na ikikutwa kompyuta ambayo pawa saplai yake haijapitishwa na mama wa mwenye kompyuta, irudishwe nyumbani pamoja na mwenyewe, naye apewe chai.

Na kama yote hayo Serikali itaona ni mazito, basi Masasi isogezwe. Sisemi iletwe Mchafukoge, hapa tumeshabanana. Ikifika Mbagala inatosha, ije na mahakama yake na korosho zake na huyo kinyozi, niwe napeleka chakula mchana na kurudi. Enzi zile tulishaona vijiji vizima vikihamishwa kwa amri, watu na mabati yao kichwani, na hakuna aliyesema haiwezekani. Wilaya moja itashindikana nini?

Namalizia kwa kukusalimia wewe na nyumba yako. Nisalimie wapiga chapa wenu wote, na mama wa kila mmoja wao. Watoto wako kama wako karibu wasalimie kwa mdomo, kama wako mbali waandikie leo usingoje kesho. Tarsis anakusalimu pia, anasema mlikosea jibu la fumbo la Jumapili.

Ni mimi, bado natafuta,

Theopista Tarsis
(Mama Joyceline)

Nyongeza baada ya sahihi:

Mhariri, haya ya chini utaona si mwandiko wangu. Yamepigwa chapa, Joyceline anapiga, mimi nasema, na karatasi tutaitolea kwenye printa ya dukani kwa Chandubhai. Sasa umeshaelewa kilichotokea, lakini nikueleze.

Barua ilikuwa mezani inangoja stempu. Ranjanben akapanda ngazi ameshika boksi kwa mikono miwili, na mwanangu ndiye aliyemfungulia. Akasema palepale mlangoni, "Mama Joyceline, hili boksi ulilonipa nikuwekee kwenye kabati la viungo, naomba ulichukue dada yangu, nimeletewa manjano sina pa kuyatia." Juu ya boksi ameweka ile chupa ya maji. Kichwa cha isale kimeota mizizi, myeupe na myembamba kama nyuzi zangu. Akaendelea, "Na hili jani lako Chandu ameulizia sokoni maana yake. Anasema yeye ameshasamehe zamani. Sasa mpe anayestahili kuombwa."

Joyceline akatazama boksi, akanitazama mimi.

"Mama, uliificha?"

Nikamwambia sikuificha, niliiweka.

"Kwenye kabati la watu?"

Tarsis, ambaye kuhusu kompyuta alikuwa ameshamaliza maneno yake siku ya kwanza, akasema nyuma ya gazeti, "Mpe hilo jani." Nikampa. Akalishika muda mrefu. Mila ni mila, Mhariri, lakini mwanangu alizaliwa Dar, ningejuaje kama itamfikia? Akalinusa, akacheka, halafu akalia, halafu akaomba bisibisi.

Pawa saplai imeingia kama kifungo kwenye tundu lake. Imewaka mara ya kwanza. Inanukia bizari kidogo ikipata moto, nadhani ndilo lile kosa nililokuwa nalitafuta, na limetoka kwangu.

La tano nimelikumbuka. Nalalamika kwamba begi limefungika. Tumelijaribu kabla ya kuandika haya: kompyuta nyembamba, pawa saplai nyembamba ndani yake, imelala chini kama nguo iliyopigwa pasi, na zipu ikapita moja kwa moja. Zipu nimemchagulia mimi, za kwangu hazikwami. Ingekuwa nene lisingefungika, tungekaa kitako tukajadili. Badala yake imebaki hata nafasi. Nafasi hiyo nimetia isale na mizizi yake, kwenye kopo la maziwa lenye udongo wa hapa ngazini. Anasema ataipanda mlangoni kwake, mbele ya mahakama, mahali watu wanapokwenda kugombana.

Kwa hiyo nafuta maombi. Nyembamba zipite bandarini. Masasi iachwe palepale ilipo. Lile la stendi tu, la begi kufunguliwa na mtu kupewa chai, kama mtaona linafaa liacheni.

Joyceline anasema nifupishe, izimwe, ipoe kabla ya kuingia begini, basi halingoji mtu. Nimemwambia bado kidogo. Hata Tarsis ameweka gazeti chini, sote watatu tunaisikiliza inavyopumua.